Nilimfukuza Mama Aliyekuja Kutukana Kilioni

"Mbuzi weye! Toka inje tukuone! Unazika mutoto kama muntu anapanda muhogo, alafu unaikala mu nyumba na macho makavu?"

Sauti hiyo, ndugu zangu, haikutoka sokoni wala kwenye bomba la maji.

Ilitoka kilioni. Mchana kweupe, watu wamejaa uwanja mzima, wengine bado wana udongo wa makaburini kwenye viatu.

Anayetukana ni Mama Gertrude. Anayetukanwa ni Mama Marceline, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amemzika mwanawe Jimmy.

"Gertrude, kichwa yako iko muzima?" Fidélie akaruka. Huyo ni dada mkubwa wa Placide, mume wa Marceline. Mama wa mdomo, hata pikipiki zinampisha njia. "Unakuya kutukana muntu wa kilio?"

"Sikuita weye! Nasema na ile mbuzi! Mbuzi hata kulia haijue! Inazaa, inatupa, inarudia majani yake!"

Halafu akafanya jambo lililonyamazisha hata walevi. Aliinama mekoni, akanyanyua sufuria ya bukari, ugali uliosongwa kwa ajili ya wafiwa, akajitwika kichwani.

"Na hii nabeba! Mbuzi haikulaka bukari!"

Ee Mungu wangu.

Watu wakaanza kunong'ona, na mimi nilijua wananong'ona nini, maana hata mimi nilikuwa nanong'ona hilo hilo.

Wivu wa kaburi.

Nieleze. Jimmy alikuwa anachimba madini upande wa Kamatanda, pamoja na Rolly, mtoto wa Gertrude. Wamekua pamoja, wameingia shimoni pamoja. Siku udongo uliposhuka, wenzao walichimbua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Jimmy akapatikana. Rolly hakupatikana. Kisha ardhi ikaanza tena kunguruma, watu wakatoka mbio, na shimo likabaki limefungwa.

Kwa hiyo Marceline alipata jeneza, misa, nyimbo, na uwanja wa kupokea watu.

Gertrude hakupata kitu. Mwili hakuna, kilio hakuna. Watu walipita mbele ya mlango wake wakienda kwa Marceline.

Na sasa huyu hapa anamtukana mwenzake. Wewe ungefikiri nini?

* * *

Mimi naitwa Blandine. Kwangu asubuhi nakaanga mandazi, mchana wanawake wanasukana nywele, jioni tunakata kesi za nani kamwacha nani. Nyumba ikikosa watu naumwa kichwa.

Ndiyo maana parokia ilipofungua nyumba ya kusikiliza watu wenye majonzi, waliniambia, "Blandine, bantu banakuyaka kwako bila kuitwa. Kuya ujifunze kubasikiliza muzuri."

Tukafundishwa na Madame Carine, psychologue, mtaalamu wa mambo ya moyo, aliyekulia Bukavu, kule Kivu. Mji wetu huu, Likasi, ni wa mchanganyiko: Wakasai, Wasanga, Wabemba, Walamba, Watetela, Wakatoliki, watu wa maombi, wote wanachota maji bomba moja. Madame Carine alitufundisha kukaa na mtu wa kila namna, bila kumpimia maumivu kwa kipimo chako. Nilipewa na gilet, kizibao cha rangi ya machungwa.

Kilio cha Jimmy kilikuwa kazi yangu ya kwanza.

Na bukari ya wafiwa ilikuwa inaondoka juu ya kichwa cha Gertrude.

Nikafunga kitenge vizuri. Nikasimama kati yake na mlango.

"Mama Gertrude, weka sufuria chini."

"Blandine, ondoka. Hii haiko mambo yako."

"Iko yangu! Muntu wa kilio iko na haki ya kupumuzika. Toka. Na usikanyage tena hapa mpaka kilio iishe."

Akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe, mvua inanyesha.

"Blandine, usinifanyie hivi," akasema polepole.

Vijana wawili wakamshika mikono. Sufuria ikaanguka, bukari ikabingirika kwenye vumbi. Akatolewa nje ya lango huku watu wananipigia makofi. Nasema kweli, makofi! Fidélie akanikumbatia mbele ya wote.

Nikageuka kumtazama Marceline mle ndani, kwenye mkeka. Tangu mwili wa mwanawe uletwe alikuwa ameinamisha kichwa. Sasa alikuwa amekiinua. Macho yako kwenye lango, midomo inacheza cheza, kama mtu anayetaka kusema neno.

Nikampapasa bega. "Tulia, mama. Ameenda. Hatarudi tena."

Midomo ikasimama.

Akalala, akageukia ukuta.

* * *

Kuanzia hapo Marceline hakula.

Mwanzoni hatukushtuka. Mfiwa gani anakula? Lakini maji pia yakaanza kumtoka pembeni mwa mdomo. Unamnywesha, yanashuka shingoni, yeye anatazama ukuta tu. Halii. Hasemi. Hajibu jina lake.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Nikakaa kimya karibu yake. Nikamwuliza maswali mepesi. Nikamwambia, "Mama, uchungu yako iko na nafasi hapa." Ukuta ungenijibu kabla yake.

Mashangazi wa Placide, Wakasai, wakaja na nyimbo zao za kulilia maiti, zile za kutaja ukoo mzima mpaka nywele zinasimama. Uwanja wote ulilia. Marceline hakulia.

Kikundi cha maombi kikaja, kikakemea roho ya mauti mpaka sauti zikakauka. Padri akaja na komunyo. Hakufungua mdomo.

Kila mtu alileta dawa ya huzuni ya kwao, na kila dawa iliishia mlangoni.

Tukampeleka hospitali. Wakamwekea serumu, dripu ya maji, akaichomoa. Wakapima damu, wakapima kila kitu, daktari akatoka anajikuna kichwa. "Sioni ugonjwa," akasema. "Lakini akiendelea hivi, atakufa. Mujaribu arudie kula." Wakaturudisha naye. Alikuwa mwepesi, Placide alimshusha kwenye teksi kama anashusha nguo.

Placide ni mtu wa chokaa, anafanya kazi machimboni Kakontwe. Mwanamume mkubwa, mabega ya kubeba mawe. Jioni moja alirudi na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, akaketi chini karibu na miguu ya mke wake, akaishika ile miguu.

"Blandine," akasema bila kunitazama, "nilizika mutoto. Nguvu ya kuzika mama yake sina. Fanya kintu. Si njo kazi yako?"



* * *

Fidélie yeye alishapata jibu lake.

"Gertrude alimufunga," akatangaza uwanjani. "Munakumbuka ile maneno? Alimuita mbuzi! Alibeba chakula yake! Si njo hakuli tangu ile siku? Ule mwanamuke ni mulozi. Yake alipotea, anataka na ya mwenzake ipotee."

Neno hilo la uchawi kwetu si mchezo. Likitamkwa asubuhi, jioni limeshakuwa na miguu.

Mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati ya Gertrude. Mtu akamwaga uchafu kwenye mlango wake. Nikasikia vijana wakizungumzia petroli, na walikuwa hawacheki.

Na mimi? Mimi niliyefundishwa? Nusu ya moyo wangu iliamini. Usinicheke. Ukimwona mtu anakauka mbele yako siku baada ya siku, utaamini hata kuku akikuambia.

Nikampigia Madame Carine simu, nalia kama mtoto. Nikamsimulia tangu mwanzo.

Akauliza, "Ulipomfukuza yule mama, Marceline alikuomba umfukuze?"

"Hapana, lakini madame, alikuwa anatukanwa!"

"Uso wake ulifanyaje?"

 Nikakumbuka kichwa kilivyoinuka. Midomo ilivyocheza.

"Aliinua kichwa," nikasema. "Mara moja tu. Tangu pale hajainua tena."

"Sasa nani anajua kwa nini?"

"Sijui. Wewe?"

"Mimi? Mimi natoka Kivu, Blandine. Nenda ukamwulize aliyetukana."

* * *

Nilipita nyuma, upande wa choo, ili Fidélie asinione.

Nyumba ya Gertrude ilikuwa baridi. Mekoni hakuna hata jivu la jana. Yeye alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwa mlango, sikio kwenye ukuta. Ule ukuta ambao upande wa pili ndiko anakolala Marceline.

Hakuniuliza nimefuata nini. Aliuliza neno moja.

"Anakula?"

"Hapana."

Akafumba macho.

"Mama Gertrude," nikasema, "kama ulimufunga, nakuomba umufungue. Nakupigia magoti."

Akageuka. Alikuwa amekonda kuliko Marceline, na hakuna aliyekuwa ameona.

"Kumufunga? Blandine, mama yangu njo alimuchambaka Marceline akiwa mutoto. Shiye wote ni ba upande ya Sakania. Weye haujue munungwe ni nini?"

Sikujua. Wazazi wangu ni Wasongye. Ningejulia wapi?

Akanieleza. Kwao kila mtu ana ukoo, na kila ukoo una ukoo wa watani wake tangu mababu. Watani hao wanaitwa banungwe. Marceline ni wa ukoo wa mbuzi. Gertrude ni wa ukoo wa chui. Mbuzi na chui wanaweza kutukanana mpaka mbingu itikisike, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

"Muntu wa kilio hatolewi mu kilio na ndugu yake," akasema. "Ndugu naye anazama mu ile maji. Nani atavuta mwenzake? Njo munungwe anakuya. Anamutukana, anamuiba chakula, anamuchokoza mpaka ajibu. Akijibu tu, machozi inatoka. Machozi ikitoka, munungwe anamushika mukono, anamulisha. Kabla ya pale, hata ukimupa asali, haipiti."

Nikaketi chini.

"Kwa nini hukusema ile siku?"

"Ulinipa nafasi? Ulinitumia vijana."

"Na Placide? Miaka yote hii hajui?"

"Placide ni Mukasai. Siku ya harusi nilimunyang'anya viatu mbele ya bantu, akazani nimelewa. Mpaka leo ananiambiaka nipunguze pombe." Mdomo wake ukataka kucheka, ukashindwa. "Na minye hata bia sikunywaka."

"Basi twende! Twende sasa hivi. Nimekuja kukuita!"

Akatikisa kichwa.

"Munungwe haitwaki, Blandine. Anakuya mwenyewe. Ukimuita, inakuwa kama umenunua machozi. Njo maana Marceline naye hawezi kuniita. Anangojea tu. Anazani nimemuacha."

Akaweka tena sikio ukutani.

"Na nikienda, batanipiga. Nasikia vile banasema usiku. Minye njo mulozi sasa."

Nisipomwita, Marceline anakufa. Nikimwita, nimeharibu dawa. Akija, wanamchoma moto.

Mwishowe nikasimama, nikajikung'uta vumbi.

"Sikukuita," nikamwambia. "Nilipita tu. Lango la Marceline leo halitafungwa."

Nikatoka kabla sijalia.

* * *

Placide alinisikiliza hadi mwisho. Sikuficha kitu, hata habari ya viatu.

"Kwa hiyo hakuwa amelewa," akasema.

Fidélie akaja juu kama maziwa ya moto. "Muchawi hakanyagi hapa! Akikanyaga, nampasua na hii!" Alikuwa na mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, mkononi, na anajua kuutumia.

Placide akainuka. Sijawahi kumsikia akimpandishia dada yake sauti, na hata siku ile hakuipandisha.

"Yaya, dada yangu, ya kwetu tulifanya yote. Tuliimba. Tuliomba. Tulilia. Bibi yangu anaenda. Minye sijue mambo ya kwao. Lakini Gertrude ni wa kwao. Weka ule mchi chini."

Lango likafunguliwa. Tukangoja.

Jua likapanda, likaegemea upande. Hakuna mtu. Niliingia kumtazama Marceline. Pumzi yake ilikuwa ndogo, unaitafuta. Nikaloweka kitambaa, nikamgusisha midomo, ngozi ikabaki kwenye kitambaa.

Nikasema moyoni, hatakuja. Na mimi ndiye niliyemtoa.

Ndipo nikasikia uwanja mzima umenyamaza.

Gertrude alikuwa amesimama langoni. Miguu wazi, kitenge kimefungwa vibaya. Vijana wakainuka. Mmoja alikuwa na jiwe. Nikatoka mbio, nikasimama mbele ya Gertrude, mikono nimetanua. Placide akaja, akasimama karibu nami.

Yeye Gertrude hakututazama. Akavuta pumzi.

"Mbuzi!"

Kimya.

"Mbuzi ya mkia mufupi! Unalala tu? Unataka tukuchinje bure? Hata mifupa yako haitoshi supu! Unatuaibisha, chui gani atakula kitu kama weye?"

Fidélie akajishika mdomo.

"Ulimuzika Jimmy bila kumulilia! Mutoto mwenye sura ya babu yako, masikio kama sahani! Nani atamukumbuka kama weye mwenyewe umenyamaza?"

Sauti ikaanza kumkatika. Hana nguvu tena, nikawaza. Imeshindikana.

Basi kutoka ndani ikasikika sauti kama ya jiwe linalosagwa juu ya jiwe.

"Chui... hauna meno."

Placide alinishika mkono, nusura auvunje.

Marceline alikuwa ameketi. Ameshika ukuta, kichwa kimeinuka, macho yanawaka kama ya mtu wa homa.

"Weye... njo wa kunifunza kulia? Weye?" Akapumua. "Rolly yako... muvivu! Muvivu tangu tumbo! Jimmy yangu alitoka mu shimo. Yako alibakia kulala! Analala kule kama mukubwa, anangojea bamupelekee chai!"

Watu wakapiga ukelele. Mtu mmoja akasema, "Yesu na Maria." Hata mimi nilihisi nimepigwa kofi. Kumwambia hivyo mama ambaye mwanawe yuko chini ya udongo!



Gertrude akaanguka chini, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kwa mtu. Alilia jina. "Rolly! Rolly yangu! Rolly eee!" Alilipiga vumbi kwa mikono miwili, kama bado anachimba.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Nilidhani tumemngoja Gertrude aje kumtoa Marceline. Kumbe na yeye alikuwa na kilio, na katika mtaa mzima munungwe wake ni mmoja tu. Tangu shimo lile lifungwe, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelitamka jina la Rolly mbele ya mama yake. Tuliona haya. Tulipita mlangoni pake na sahani zetu za chakula. Siku ile ya kwanza hakuja kutoa tu. Alikuja kutafuta wa kumtoa na yeye.

Na mimi niliwafungia wote wawili mlango, huku napigiwa makofi.

Marceline alitoka akijikokota, Placide amemshika kwapani. Akajiachia vumbini karibu na Gertrude. Machozi yalikuwa yanamshuka, mengi, sijui mwili ule mkavu uliyatoa wapi. Wakashikana vichwa. Walikuwa wanalia na kutukanana pamoja, "mbuzi," "chui," "mbuzi," mpaka huwezi kujua lipi ni tusi na lipi ni pole.

Fidélie alikwenda mekoni bila kuambiwa. Nilimwona anachochea uji na kujifuta macho kwa kiwiko. Vijana mmoja mmoja walitoka langoni, vichwa chini.

Ndugu zangu, mimi bado nasikiliza watu, kwa Wakasai, kwa Wabemba, kwa wa maombi na wa misa. Niliyoyapata siku ile nawaachia na nyinyi. Huruma yako ilifundishwa kwenu. Ukifika nayo kwa jirani, ni mgeni kama wageni wengine. Ibishe hodi, iulize, ingoje ionyeshwe pa kukaa. Mimi yangu iliingia na viatu, nusura izike wanawake wawili.

Fidélie alileta kikombe cha uji. Gertrude akajipangusa, akakipokea, akamshikia Marceline mdomoni. Marceline akameza. Akameza tena. Sote tulikuwa tunatazama koo lake kama tunatazama mechi.

Kisha akakisukuma kikombe kando. Akamtazama mwenzake, nywele zimejaa vumbi, peke yake tangu siku ya shimo.

"Placide," akasema, "tandika mikeka yote. Bantu bakuye. Kilio ya Rolly itakuwa hapa kwetu."

Akamshika Gertrude mkono.

"Weye, inuka. Ingia ndani, ukule."